Mdoli Kwanza, Hadithi Baadaye

Filamu nyingi za katuni huanza na hadithi. Mwandishi hubuni mhusika, wachoraji humpa sura, na filamu ikishapendwa kiwanda huomba leseni ya kutengeneza mdoli wake. Ndiyo njia aliyopita Mickey Mouse tangu miaka ya 1930, na ndiyo waliyopita wahusika wa Star Wars baada ya 1977. Lakini lipo kundi jingine la filamu za watoto ambalo safari yake huanzia upande wa pili. Kichezeo tayari kipo dukani. Kina jina, kina rangi, kina bei. Kinachokosekana ni maisha. Filamu hutengenezwa ili kukipa ndugu, rafiki, adui na sababu ya kutamaniwa. Care Bears, Transformers, My Little Pony, Barbie, Lego na Trolls zote ni za kundi hili.

Kwa muda mrefu kanuni za Marekani zilizuia biashara hiyo isikue. Mwaka 1968 kampuni ya Mattel ilianza kuuza vigari vidogo vya Hot Wheels, na mwaka uliofuata televisheni ya ABC ikaanza kurusha katuni yenye jina hilohilo. Mtengenezaji mwingine wa vichezeo, kampuni ya Topper, alilalamika kwa Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo kwamba kipindi chote kilikuwa tangazo la mshindani wake. Tume iliona hoja hiyo ina uzito, ikavitaka vituo vihesabu sehemu ya kipindi kuwa muda wa matangazo. Kufikia 1971 katuni hiyo ilikuwa imeondoka hewani. Wakati huohuo kikundi cha akina mama wa jimbo la Massachusetts, kikiongozwa na Peggy Charren, kilikuwa kikishinikiza vipindi vya watoto vitenganishwe na uuzaji wa bidhaa. Mwaka 1974 Tume ilitoa mwongozo wa kubana matangazo katika vipindi hivyo.

Mlango ulifunguka miaka ya 1980. Rais Ronald Reagan alimteua Mark Fowler kuongoza Tume mwaka 1981, naye aliiona televisheni kuwa chombo cha nyumbani kama vingine, kisichostahili kanuni za pekee. Mwaka 1984 ukomo wa dakika za matangazo ukafutwa. Wafanyabiashara hawakusubiri tangazo rasmi. Mattel, ambayo mwaka 1976 ilikuwa imeikataa leseni ya Star Wars kisha ikabaki kuitazama kampuni ya Kenner ikitajirika nayo, ilitoa midoli ya He-Man mwaka 1982. Septemba 1983 katuni ya He-Man ikaanza kuonyeshwa, kazi ya studio ya Filmation ya California, vipindi 65 kwa msimu mmoja. Hesabu hiyo ilikuwa na maana yake: siku tano kwa wiki, wiki 13, bila kurudia. Mtoto alirudi kutoka shuleni kila jioni akamkuta shujaa wake anamsubiri.

Anayetaka kuelewa kwa nini wahusika wa katuni hizi wanafanana vile wanavyofanana asianzie kwa mwandishi. Aanzie kiwandani, kwenye kalibu. Kalibu ya chuma ya kumwagia plastiki ni ghali sana, na ikishachongwa hutumiwa kwa kila namna inayowezekana ili gharama irudi. Ndiyo maana midoli mingi ya He-Man ina kifua na miguu ileile, tofauti ikiwa kichwa, rangi na silaha. Simbamarara anayepandwa na He-Man alikuwa kichezeo cha mfululizo mwingine wa Mattel, ulioitwa Big Jim; akapakwa rangi ya kijani, akafungwa tandiko, akapewa jina jipya. Alikuwa mkubwa mno kwa midoli hiyo mifupi, na ukubwa huohuo ukawa sifa yake. Katika Transformers, ndege tatu za maadui, Starscream, Thundercracker na Skywarp, zina umbo moja kabisa. Mtoto anayetazama huwaona ni kikosi kimoja cha jeshi. Kiwandani ni kalibu moja na rangi tatu. Dubu wa Care Bears nao wana mwili mmoja, wakitofautishwa na rangi ya manyoya na alama ya tumboni.

Care Bears ndio walioonyesha kwamba kichezeo kinaweza kujaza ukumbi wa sinema. Hawakuzaliwa hata wakiwa midoli: kampuni ya kadi za salamu, American Greetings, iliwachora kwa ajili ya kadi zake mwaka 1981, na Kenner ikawatoa kama midoli ya manyoya mwaka 1983. Kazi ya filamu ilipewa Nelvana, studio ya Toronto nchini Kanada iliyokuwa imejeruhiwa vibaya kifedha na filamu yake ya 1983, Rock & Rule, ambayo karibu hakuna aliyeitazama. The Care Bears Movie ilitoka Machi 1985 chini ya mwongozaji Arna Selznick, wakati ambapo wanawake walioongoza filamu ndefu za katuni walikuwa wa kuhesabika. Mwimbaji Carole King aliiandikia nyimbo, na mwigizaji mkongwe Mickey Rooney akawa msimulizi. Hadithi ilikuwa nyepesi: dubu wa mawinguni wanashuka kuwafariji watoto waliokosa mapenzi. Kwa bajeti ndogo sana kwa kipimo cha Hollywood, filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 20 huko Amerika Kaskazini peke yake. Nelvana ikapona, na kufikia mwaka 1987 zilikuwa zimefuata filamu nyingine mbili za dubu hao.

Mwezi huohuo wa Machi 1985, Filmation ilipeleka kwenye kumbi za sinema The Secret of the Sword, filamu iliyomtambulisha She-Ra, dada pacha wa He-Man, aliyebuniwa kuwavuta wasichana kwenye midoli ambayo hadi wakati huo ilinunuliwa zaidi na wavulana. Filamu yenyewe ilikuwa vipindi vitano vya kwanza vya katuni yake mpya ya televisheni, vikiunganishwa kuwa kimoja. Mzazi alilipa kiingilio kwa kitu ambacho miezi michache baadaye kingeonyeshwa nyumbani bure.

Mgema alikuwa amekwisha sifiwa, na tembo likatiwa maji. Mwaka 1986 peke yake zilitoka filamu ya pili ya Care Bears, filamu ya GoBots kutoka studio ya Hanna-Barbera, My Little Pony: The Movie na The Transformers: The Movie. GoBots iliingiza zaidi kidogo ya dola milioni moja. My Little Pony iliwakusanya waigizaji wa jina kubwa, Danny DeVito, Madeline Kahn na Cloris Leachman wakiwemo, na bado haikuvuka dola milioni 6 hivi. Kuhusu filamu hizo hakuna mengi ya kusema. Ile ya Transformers inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hakuna nyingine inayoonyesha wazi kama hiyo kinachotokea orodha ya bidhaa inaposhika kalamu.

Roboti hizo zinazogeuka kuwa magari na ndege ziliundwa Japani na kampuni ya Takara, katika mifululizo miwili iliyoitwa Diaclone na Micro Change. Hazikuwa na nafsi. Zilikuwa mashine tu, na katika Diaclone zilikuwa na vijidereva vya kuziendesha. Hasbro ya Marekani ilipopata haki za kuziuza, iliwaomba wachapishaji wa vitabu vya katuni, Marvel, wazipe ukoo na vita. Dennis O'Neil alibuni jina Optimus Prime, na Bob Budiansky akaandika majina na tabia za wengine wengi, tabia ambazo zilichapishwa nyuma ya kila boksi: huyu jasiri, yule mjeuri, huyu mwoga. Mwaka 1984 vichezeo, kitabu na katuni vyote viliingia sokoni. Kufikia 1986 Optimus Prime, lori jekundu na buluu lenye sauti nzito ya Peter Cullen, alikuwa kama baba kwa watoto waliomtazama kila siku.

Katika vitabu vya hesabu vya Hasbro, hata hivyo, alikuwa bidhaa ya mwaka 1984. Mwaka 1986 kulikuwa na bidhaa mpya za kuuza, na za zamani zilipaswa kupisha rafu. Waandishi wa filamu walipewa wahusika wa kuondoa na wahusika wa kuingiza, wakafanya walivyoagizwa kwa njia rahisi kuliko zote: waliwaua. Dakika za mwanzo zinaangamiza kikosi kizima cha mashujaa ndani ya chombo chao. Muda mfupi baadaye Optimus Prime mwenyewe anakufa kitandani, rangi zake zikififia hadi kijivu, mbele ya watoto waliokuja ukumbini wakidhani wamekuja kufurahi. Wengi walilia. Flint Dille, mmoja wa walioshughulikia hadithi hiyo, amesimulia baadaye kwamba hawakujua wamemgusa mtu wa aina gani. Kwao ilikuwa kubadilisha orodha ya mwaka.

Ajabu ni kwamba filamu hiyo si mbaya. Nelson Shin aliiongoza, studio ya Toei ya Japani ikaichora kwa ustadi kuliko vipindi vya televisheni, na sauti ya sayari inayomeza sayari nyingine, Unicron, ilitolewa na Orson Welles, mtu aliyetengeneza Citizen Kane. Ilikuwa kazi yake ya mwisho ya filamu. Alifariki Oktoba 1985, siku chache baada ya kurekodi. Lakini mapato ya sinema za Marekani hayakurudisha gharama, ambayo ilikuwa kama dola milioni 6. Hasbro ilisikia kilio. Filamu ya G.I. Joe iliyokuwa ikitengenezwa wakati huo ilikuwa imwue kamanda wake, Duke. Ikaongezwa sentensi ya kusema amezimia tu, kisha filamu ikapelekwa kwenye kanda za video na televisheni mwaka 1987 badala ya kumbi za sinema. Mwaka huohuo Optimus Prime akafufuliwa katika katuni ya televisheni. Mashabiki wa umri wa kati bado hubishana kuhusu kifo chake.

Baada ya hapo sinema iliachana na vichezeo kwa muda. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya televisheni ya watoto mwaka 1990, ikarudisha ukomo wa matangazo: dakika 10 na nusu kwa saa mwishoni mwa wiki, na dakika 12 siku za kazi. Haikupiga marufuku katuni zinazotokana na vichezeo. Ilihesabu tu dakika za matangazo yanayorushwa katikati ya vipindi. Sweden ilikwenda mbali zaidi mwaka 1991, ikazuia kabisa matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 12.

Biashara ilipata makao mapya kwenye kanda na diski za nyumbani, na aliyeyajenga makao hayo vizuri kuliko wote ni Barbie. Mdoli huo wa Mattel, kazi ya Ruth Handler, ulikuwa sokoni tangu 1959, na mwaka 2001 ulipata mpinzani mpya, midoli ya Bratz. Mwaka huo Mattel ilitoa Barbie in the Nutcracker, iliyotengenezwa kwa kompyuta na studio ya Mainframe ya Vancouver. Mienendo ya densi ilinakiliwa kutoka kwa wachezaji wa New York City Ballet, na muziki wa Tchaikovsky ukapigwa na London Symphony Orchestra. Nyuso katika filamu hiyo ni ngumu, macho yameganda, lakini miguu inacheza kweli. Zikafuata Rapunzel, Swan Lake, kisha The Princess and the Pauper iliyotokana na kitabu cha Mark Twain, na nyingine hadi kupita 35.

Uchaguzi wa hadithi ulikuwa wa akili. Ngano za kale na riwaya za karne ya 19 hazina mwenye kudai malipo, na wazazi huziheshimu. Zaidi ya hayo, Barbie katika filamu hizi ni kama mwigizaji: leo ni Clara, kesho Rapunzel, keshokutwa msichana maskini anayefanana na binti mfalme. Mdoli unabaki uleule, gauni linabadilika, na kila gauni ni boksi jipya dukani pamoja na farasi na jumba lake. Hakuna anayelazimika kufa ili kupisha bidhaa mpya. Somo la 1986 lilikuwa limeeleweka.

Mpangilio wa kazi, kiwanda kikimtangulia mwandishi, umebaki hivyohivyo hadi leo. Kuchonga kalibu, kutengeneza, kufungasha na kusafirisha kutoka viwanda vya Asia huchukua miezi mingi, zaidi ya mwaka mara nyingi, hivyo sura za wahusika hufungwa mapema mno, filamu ikiwa bado michoro. Mwandishi akibadili mawazo dakika za mwisho, mdoli hauwezi kubadilika. Na kiwanda nacho kina sauti yake. Lauren Faust, aliyeufufua ulimwengu wa My Little Pony kwa katuni ya televisheni ya 2010, alitaka mtawala wa farasi wake awe malkia. Hasbro ikaona binti mfalme anauzika zaidi, na Celestia akawa binti mfalme. Katika katuni ni mweupe. Dukani alianza kwa kuuzwa akiwa wa pinki.

Ndipo mwaka 2014 ikaja The Lego Movie. Lego ilianzishwa na seremala Ole Kirk Kristiansen mjini Billund, Denmark, mwaka 1932, na tofali lake la plastiki la kushikamana liliombewa hataza mwaka 1958. Kichezeo hiki kina ugumu wa pekee kwa mtunzi: hakina mhusika. Thamani yake ni kwamba mtoto hujenga anachotaka. Waongozaji Phil Lord na Christopher Miller hawakuuficha ugumu huo. Waliufanya kuwa ndiyo hadithi. Emmet, fundi ujenzi asiye na lolote la pekee, anaishi katika mji ambao kila mtu hufuata maelekezo. Adui, Lord Business, anataka kuugandisha ulimwengu wote kwa gundi ili matofali yasisogee tena. Karibu na mwisho pazia linafunguka: yote yanatokea kwenye meza ya baba mmoja, aliyejenga mji wake kwa nidhamu na hataki mwanawe aguse.

Studio ya Animal Logic ya Sydney ilitengeneza karibu kila kitu kwa matofali ya kompyuta, hadi mawimbi ya bahari, moshi na mlipuko. Kijitu cha Lego hakina kiwiko wala goti, na wachoraji walikataa kukikunja mahali ambapo plastiki haikunjiki. Waliweka mikwaruzo na alama za vidole kwenye plastiki. Mwanaanga Benny ana kofia iliyopasuka kidevuni, pale hasa ambapo kofia za vijitu vya miaka ya 1980 zilikuwa zikipasuka mikononi mwa watoto. Filamu iligharimu kama dola milioni 60, ikaingiza zaidi ya milioni 460 duniani, na ikapata tuzo ya BAFTA ya filamu bora ya katuni. Oscar haikuiteua katika kundi hilo, uamuzi ambao hadi leo ni mgumu kuutetea.

Bila shaka bado ni tangazo, tena kubwa. Linamcheka muuzaji kwa fedha za muuzaji mwenyewe, na baada ya kulitazama mtoto anataka matofali kuliko alivyoyataka asubuhi. Tofauti yake na filamu za 1986 ni kwamba anachokitaka mtoto baada ya kutazama ni kujenga, si kumiliki mhusika fulani.

Trolls walipita njia nyingine. Vidoli hivyo vyenye nywele zilizosimama vilichongwa na Mdenmark Thomas Dam na kuenea dunia nzima miaka ya 1960, bila hadithi yoyote. DreamWorks ilinunua haki zake mwaka 2013, isipokuwa katika nchi za Skandinavia, ambako familia ya Dam ilibaki na usimamizi wake. Sura na nywele zilikuwepo, na mengine yote yalikuwa wazi kwa waandishi. Filamu ya 2016 iliingiza zaidi ya dola milioni 340. Ya pili iliangukia kipindi cha korona, Aprili 2020, ikapelekwa moja kwa moja kwenye ukodishaji wa nyumbani, na wenye kumbi kubwa za sinema za Marekani wakagombana hadharani na studio.

Waliodhani jina la kichezeo peke yake linatosha waliumia. Mwaka 2019 UglyDolls haikurudisha gharama zake, na Playmobil: The Movie, iliyotokana na vijitu vya Kijerumani vya tangu 1974, iliingiza kama dola milioni 16 kwa bajeti ya takriban milioni 75. Kama The Lego Movie, iliukutanisha ulimwengu wa binadamu na ule wa plastiki, lakini haikuwa na la kusema kuhusu plastiki hiyo.

Katika miji ya Afrika Mashariki, filamu hizi huwafikia watoto zaidi kwa televisheni za kulipia, diski na YouTube kuliko kwa kumbi za sinema. Vichezeo halisi ni ghali, kwa hiyo kinachouzika sana ni picha: begi la shule lenye Barbie, chupa ya maji, shati la ndani la mtoto. Sehemu kubwa ya vitu hivyo haina leseni ya mwenye mhusika, na kwa maana hiyo mtoto wa Tandika au Eastleigh anatazama tangazo la kampuni ambayo haitapata shilingi yake.

Wakosoaji wamekuwa wakisema tangu enzi za Charren kwamba mdoli wenye hadithi iliyokamilika humnyang'anya mtoto nafasi ya kubuni yake. Hoja hiyo ina ukweli, ingawa watoto ni wakaidi kuliko inavyodhaniwa. Wakichoka na hadithi waliyopewa, He-Man huolewa na Barbie na lori la Optimus Prime hubeba mchanga. Swali la kuiuliza filamu ya aina hii ni jepesi zaidi: je, ingesimama kama kichezeo chake kisingekuwepo? The Lego Movie inajibu vizuri. Filamu nyingi za 1986 haziwezi kujibu kabisa.

Septemba 2024, Transformers One ilisimulia ujana wa Optimus Prime na adui yake Megatron, zamani walipokuwa marafiki wakichimba madini pamoja. Aliiongoza Josh Cooley, aliyewahi kuongoza Toy Story 4, na wakosoaji waliisifu kuliko karibu filamu zote za roboti hizo. Iligharimu kama dola milioni 75 na kuingiza chini ya milioni 130 duniani, kiasi kilichoonekana kidogo mno kwa jina hilo.